Kiti Kimoja kwa Wanaolia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepata wazo. Si wazo dogo. Nimelazimika kukaa chini.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Studio yangu iko chini ya ngazi za jengo la maduka: kiti cha kuzunguka, pazia jeupe, taa, na mimi. Kazi yangu ni kuwaambia watu wasicheke. Nyoosha shingo, funga mdomo, usicheke. Wananitii. Wakishatoka nje ndipo wanacheka, na wenzao.

Mchana akaingia dada wa duka la dawa, lile la ng'ambo ya barabara. Anataka picha za kitambulisho. Macho yamevimba, mekundu. Nikamwambia picha hazitafaa, watadhani ni mtu mwingine. Nikamuuliza kama amefiwa. Akasema hapana, amekuwa akilia tangu juzi kwa sababu ya katuni.

Katuni! Mtu mzima, mwenye koti jeupe, anayewapimia watu dawa!

Akanieleza. Wako watu wachache wanaokutana nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, Jumatano na Jumamosi alasiri. Wanaangalia anime, zile katuni za Kijapani, na za huzuni tu. Wanalia wote. Halafu wanakunywa chai na kubishana kwa nini wamelia. Alikuwa anasimulia huku anacheka. Alicheka mpaka nikasahau kumkataza. Picha zake zote zimetoka na meno.

Nitajiunga. Si kwa sababu ya upweke. Naliandika hilo waziwazi ili asije mtu akasoma hapa akanielewa vibaya. Tangu mama afariki mwaka jana naishi vizuri tu. Vyumba viwili, kimya, hakuna wa kunisumbua. Tena ninao wenzangu wa kazini: picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nimezibandika ukutani. Bwana Tai. Mama Hereni. Yule Mwenye Shingo. Nikifungua asubuhi nawasalimia. Si watu wa maneno mengi.

Nitajiunga kwa sababu ya elimu. Dada wa duka la dawa amesema niende keshokutwa kama mgeni. Nimepiga pasi shati tayari.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Mwalimu mstaafu anakaa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mama mrefu, alifundisha hesabu, na bado anakutazama kama mtu uliyeandika jibu bila kuonyesha njia. Sebule ndogo. Viatu mlangoni. Viti vimepangwa mbele ya televisheni, kila kimoja kina mwenyewe, isipokuwa kimoja kitupu. Nikakikalia. Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba nimekikalia kwa muda tu. Ndicho kilichobaki, sebule haibebi zaidi, na Jumamosi ya wiki ijayo wataamua kiwe cha nani. Kuna mwombaji mwingine: shemeji wa kinyozi.

Huyo kinyozi! Namjua kwa sura. Kifua kipana, mashati ya maua. Alianza kulia kabla katuni haijaanza. Yanapita majina ya waliotengeneza, kwa Kijapani, hatuelewi hata herufi moja, na yeye tayari chozi linashuka. Chozi moja. Upande mmoja. Linameta. Analiacha lifike kidevuni ndipo analifuta, bila haraka, kama mtu anayejua thamani ya bidhaa yake. Na huyo shemeji, kwa maelezo ya kinyozi, ni hodari kumzidi. Analia hata kwa matangazo ya sabuni.

Katuni yenyewe: kaka na dada. Dada ni mgonjwa, kitanda chake kiko upande usio na dirisha. Kaka anamchorea dirisha ukutani kwa chaki, na kila siku anabadilisha kilichoko nje. Theluji. Ndege. Mtu anapita na baiskeli. Mwishoni dada anakufa. Sebule nzima kwikwi. Mimi macho makavu kabisa. Nikajifinya paja. Wapi! Badala ya chozi, tumbo likanguruma, tena palepale penye kimya. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza kwa nini hawakumpeleka hospitali mapema.

Kinyozi akanigeukia. Chozi lake likasimama katikati ya safari.

Dada wa duka la dawa, ili kuniokoa, akasema kitaalamu swali hilo ni la haki.

Kwenye chai wakabishana. Kinyozi alishikilia kwamba kinacholiza ni kifo. Mwalimu akakataa. Alisema katika katuni watu wanakufa majeshi kwa majeshi na sisi hatuachi kutafuna karanga. Kinacholiza ni kitu kidogo ambacho mtu alikuwa karibu kukimaliza.

"Yule mpita njia wa ukutani," akasema. "Kaka alikuwa ameshamchorea nusu ya mwavuli."

Wote wakashusha pumzi. Nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuona mwavuli. Sikuuona mwavuli wowote.

Kiti kile lazima kiwe changu. Wakati wa kuondoka waliteremka ngazi pamoja wakicheka. Mimi nilichelewa kufunga kamba za viatu. Nilipofika chini, hapakuwa na mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa mchezo wao. Watu wale wanapima mtu kwa machozi. Mwenye machozi ana kiti. Kwa hiyo shida yangu ni ya maji tu. Ni kazi ya fundi bomba.

Asubuhi nilijaribu kutopepesa macho. Nilijikodolea kwenye kioo cha wateja mpaka nikaona nyota. Mteja akaingia, akaniangalia, akatoka.

Baadaye nikafungulia katuni za huzuni kwenye simu, mfululizo, kazini, ili kutafuta iliyo kali kupita zote. Mwanamke anasubiri mume kwenye mnara wa taa: nikasinzia. Roboti anaendelea kufua nguo za watoto waliokwishakua wakahama: nikabaki kujiuliza nani analipia umeme. Watu mtandaoni wanasema hiyo ya roboti iliwalaza kitandani siku nzima. Lazima kuna kitu wao wanakiona. Nimeirudia. Bado umeme.

Mchana nikajaribu dawa ya mafua ya kupaka, chini ya macho. Hii ilifanya kazi kupita kiasi! Machozi yakabubujika mpaka kwenye kola. Na hapo ndipo akaingia mama mmoja aliyetaka picha za pasipoti. Akanikuta hivyo.  Akavuta kile kiti cha kuzunguka, akaketi karibu yangu, akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana." Akanisimulia habari za mtoto wake aliye mbali, asiyepiga simu, na jinsi sasa yeye mama anavyofunga safari kumfuata. Alikaa sana. Alipoinuka alisema amefarijika, akaenda zake bila kupigwa picha.

Nilimwambia Bwana Tai kwamba wateja wa namna hiyo ni hasara. Lakini kiti kile nilikiacha palepale alipokivuta.

Jioni dada yangu akapiga simu kutoka mjini kwake. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akauliza nimekula na nani. Nikamwambia nina wageni, siwezi kuongea sasa, na nikapandisha sauti ya televisheni ili asikie watu. Akasema basi, anafurahi. Akakata. Nikaiacha televisheni ilivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaandika mengi. Naandika tu ili historia isipotoshwe.

Dawa ya kupaka ina harufu, wangenishtukia. Nikachagua kitunguu. Nilikikata nyumbani, nikakifunga ndani ya kitambaa cha mkononi, kitambaa mfukoni. Ikifika sehemu ya huzuni nainua kitambaa kwa adabu, navuta pumzi, nalia, napewa kiti. Mpango usio na tundu.

Kosa halikuwa langu. Katuni ya leo ilianza kwa vichekesho! Fundi saa mzee, hajui kupika, anajaribu kukaanga yai, anaunguza pazia la jikoni. Wote wanacheka. Mimi nikadhani ule moto ndio msiba wenyewe. Nikainua kitambaa. Nikavuta kwa nguvu zote.

Jamani! Nililia kwa ajili ya yai. Nililia mzee alipopuliza pazia. Nililia paka wake alipokimbilia kabatini. Dada wa duka la dawa, kiti cha jirani, akaanza kupepesa, naye yakamtoka. Akafuata mwalimu. Akafuata kinyozi, na safari hii si lile chozi lake la maonyesho bali macho yote mawili, hovyo hovyo, na kamasi. Sebule nzima inalilia yai la kukaanga.

Mwalimu akasimamisha katuni. Kinyozi akanusa hewani, huku na huku.

"Hapa pana kitunguu," akasema.

Nikasema labda jirani anapika. Mwalimu akasema jirani amesafiri. Nikasema labda amerudi.

Hapo kitambaa kikaanguka. Chenyewe. Kipande kimoja kikabingirika sakafuni taratibu, kikasimama kwenye kidole gumba cha mguu cha kinyozi.

Hawakunifukuza. Afadhali wangenifukuza. Walicheka mpaka mwalimu akashika ukuta. Dada wa duka la dawa akanichukua hadi dirishani, akatoa matone ya macho kwenye mkoba wake. "Inua uso, kaka. Angalia juu." Akanishika kidevu. Siku zote mimi ndiye ninayewashika watu videvu, kuwanyoosha kwa ajili ya picha. Sikujua kwamba mkono wa mtu una joto namna ile. Sikumbuki mara ya mwisho kuguswa uso. Tone likaingia. Akauliza kama inawasha. Nilisema kidogo, ili aweke lingine.

Yale yaliyoshuka shavuni yalikuwa dawa. Hayahesabiki.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezaliwa upya! Ujumbe umetoka kwa mwalimu: Jumamosi, kabla ya katuni, kila mtu ataeleza katuni iliyomhuzunisha kuliko zote na kwa nini. Halafu suala la kiti.

Sasa, nikitaja katuni ambayo wameiona, kinyozi ataniambia sikuielewa. Kwa hiyo nitataja ambayo hawajaiona. Na namna pekee ya kuwa na uhakika hawajaiona ni kuitunga mimi.

Nimeitunga leo kati ya mteja na mteja. Inaitwa "Yatima wa Mvua". Nimekusanya kila kinacholiza na kukiweka mahali pamoja, kwa nini nibane matumizi? Kuna yatima. Ni kipofu. Ana kikohozi. Ana mbwa, naye ni yatima. Kuna vita. Mvua inanyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata ndani ya nyumba, kwa sababu paa limechukuliwa na vita. Bibi anakufa. Halafu bibi wa upande wa pili. Kuna maua yanapukutika bila kukoma. Sijui yanatoka mti gani katika mvua ile, lakini anime haiwezi kwenda bila maua kupukutika. Mwishoni kuna treni.

Nikamsimulia Mwenye Shingo. Alinitazama bila kupepesa hata mara moja. Dalili njema.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu ana homa, leo hakuna katuni. Nilikuwa nimeshavaa. Ili nisipoteze siku, nikaenda kwa kinyozi kupeleleza. Nikajifanya nataka kupunguza nywele.

Duka lilikuwa tupu. Akanifunga shuka shingoni, akaniuliza habari za vitunguu, akacheka peke yake. Nikasubiri amalize. Nikamuuliza, kwa njia ya mzunguko, kama mwanafunzi kwa fundi wake: lile chozi la mwanzo, wakati yanapita majina tu, analipataje?

Mashine ikaendelea kunguruma kidogo. Halafu akaizima.

Akaniambia yeye na mkewe walifiwa na mtoto. Wa kike. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kukaa bila kushikwa. Nyumbani hawezi kulia, kwa sababu akianza yeye mkewe anaanza, na mkewe sasa ndiyo amerudi kula vizuri. Dukani hawezi, ana wembe mkononi na shingo ya mtu mbele yake.

"Pale kwa mwalimu nalia, watu wanasema ni katuni," akasema. "Yale majina siyaelewi. Ndiyo uzuri wake. Pale bado hakijaanza kisa cha mtu mwingine, kwa hiyo nafasi ni yangu. Nikishatoka pale naweza kwenda nyumbani."

Akawasha mashine tena. Nilitaka kusema kitu. Sijui ni nini, lakini kilikuwa kinakuja, nikamgeukia kwa ghafla, na mashine ikapita. Sasa nina barabara nyeupe juu ya sikio la kushoto, kutoka mbele hadi nyuma. Aliomba radhi sana. Alikataa kabisa nimlipe. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanipigapiga begani.

Nimekaa na jambo hilo jioni yote. Chakula kimepoa.

Hitimisho: kinyozi amenizidi mbali. Nimeongeza mbwa wa pili kwenye hadithi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nitaandika yote.

Nilikwenda na kofia, kuficha ile barabara. Shemeji wa kinyozi alikuwepo. Dereva wa lori, jitu la mabega, amekaa kwenye KITI CHANGU. Nikapewa kigoda.

Walianza wao. Dada wa duka la dawa alitaja katuni ya msichana anayejifunza kusuka nywele zake mwenyewe. Mwalimu akataja ile ya roboti na nguo. Kwa ufupi tu, kila mmoja. Kisha zamu yangu. Nikasimama. Nikatoa "Yatima wa Mvua".

Kwa yatima, walisikiliza. Kwa kipofu, walisikiliza. Kwa mbwa yatima, dada wa duka la dawa akauma mdomo. Bibi wa kwanza alipokufa mwalimu akaangalia sakafu, nikadhani amenaswa, nikapandisha sauti. Bibi wa pili alipokufa bega la kinyozi likaanza kutikisika. Nikajua nimewapata! Nikaleta vita, nikaleta paa, nikaleta mbwa wa pili, ambaye ni kiziwi, na treni ikatokea ndani ya mvua na maua, na yule kipofu akamwita mbwa kiziwi, mbwa asisikie...

Yule shemeji dereva akaanguka kutoka kwenye kiti. Anacheka. Wote! Kinyozi anapiga magoti yake. Mwalimu amevua miwani. Dada wa duka la dawa anasema samahani, kaka, samahani, na hawezi kumaliza neno.

Nikasimama pale. Uso unawaka. Kofia nayo ikanidondoka, barabara ikaonekana, wakaanza upya.

Nilikwenda kuchukua viatu. Mwalimu akaniita. Hakuwa anacheka tena. Aliniuliza, katika watu wote wale niliowaua, ni nani hasa niliyemwona. Nikasema wote. Akauliza yule yatima alikuwa ananawa uso wapi asubuhi. Sikujua. Akauliza mbwa aliitwa nani. Sikujua. "Basi hakuna aliyekufa," akasema. "Kaa, tuangalie."

Nikakaa kwa sababu kamba za viatu zilikuwa na fundo.

Katuni ya leo haikuwa na kitu. Naapa. Mama wa makamo, mwanawe alifariki kazini, tunaambiwa tangu mwanzo, basi. Hakuna mvua. Hata muziki hakuna. Mama anakwenda duka la mikate anakokwenda kila siku. Anasema, mikate miwili. Muuzaji anaifunga. Mama anasema, samahani, mmoja. Muuzaji anautoa mmoja kwenye mfuko, na hajui auweke wapi. Anabaki ameushika tu, anaangalia pembeni, ili mama apate muda wa kutafuta pochi.

Nikasikia sauti. Kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikageuka kutafuta ni nani. Ilikuwa mimi.

Hayakuwa machozi ya upande mmoja. Yalitoka puani, yalitoka mdomoni, kifua kinaruka. Mwalimu akasimamisha katuni. Nikataka kusema ni mafua. Nikasema, "Mimi napiga hodi."

Hawakuelewa. Nikalazimika kueleza. Mama yangu, mwishoni, alikuwa haoni vizuri na alikuwa mwepesi wa kushtuka. Kwa hiyo nikirudi jioni nilikuwa nagonga mlango wetu, nasema hodi, mama, ni mimi. Nasubiri aseme karibu, ndipo nafungua kwa ufunguo wangu.

"Hadi leo nagonga," nikasema. "Nasema hodi. Na ninasubiri. Muda uleule aliokuwa anautumia kujigeuza kitandani. Halafu ndipo nafungua."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alihama kutoka kwenye kiti chake, akakaa sakafuni karibu na kigoda changu, akaniwekea mkono gotini. Mkono mzito.  Dada wa duka la dawa alilia bila kujifuta. Yule dereva akainuka, akakunguta kiti kwa kofia yangu, akakisogeza kwangu. Akasema yeye kwa kweli anapenda mpira, shemeji yake ndiye aliyemlazimisha kuja ili apate pa kwenda siku za mapumziko.

Nikauliza kuhusu kura ya kiti. Mwalimu akasema hakuna kura. Alisema kiti kilikuwa changu tangu Jumatano ile nilipouliza habari za hospitali. Wote walikuwa wanajiuliza jambo hilohilo, akasema, na mimi tu ndiye niliyekuwa mkweli.

Tuliteremka ngazi pamoja. Mimi nilikuwa katikati! Kinyozi alisema jambo kuhusu mbwa kiziwi na nikacheka, nikacheka mimi mwenyewe, sauti ikarudi kutoka ukutani. Chini, dada wa duka la dawa akaniambia kesho niende kwao kula chakula cha mchana. Mama yake atakuwepo, na watoto, na mwalimu, na kinyozi na mkewe. "Usilete kitu, kaka. Njoo tu."

Nikasema nitakwenda.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka mapema kuchambua ushindi wangu.

Swali: kwa nini nilifaulu? Mtu asiyejua mambo atasema ni kwa sababu nilisema kitu cha kweli. Hapana. Nimelifikiria kwa makini. Kwanza ni ile kofia kudondoka. Kichwa chenye barabara kinaleta huruma. Pili ni kigoda. Mtu aliyekaa chini ya wenzake anaonekana mdogo, na watu humlilia mdogo. Nitaomba kigoda kibaki.

Lakini nimegundua hatari. Hatari kubwa! Tuseme naenda huko kula. Nakaa katikati ya watu. Mama yake ananiongezea chakula, watoto wananipanda magotini, kinyozi anatania, tunacheka hadi jioni. Na wiki ijayo, na ile nyingine. Hapo Jumamosi wakiniuliza kinachoniumiza, nitawaambia nini? Nitakuwa sina kitu! Nitakaa pale nimeshiba, macho makavu, na kiti kitapewa mwingine. Karibu niingie mtegoni.

Nikampigia simu nikasema nina mafua makali. Nilisahau kazi yake. Akaniuliza kama pua inatiririka. Nikasema hapana. Kikohozi? Hapana. Kichwa, homa, koo? Hapana. Akauliza ni mafua gani hayo. Nikasema ni yale ya nadra.

 Nyuma yake nilisikia sahani, na kinyozi akicheka, na mwanamke mwingine anacheka pamoja naye, na mtoto anauliza kama mjomba wa picha ameshafika. Akasema chakula hakijapakuliwa. Alisema wameniwekea nafasi, watanisubiri. Nikamwambia wasinisubiri, waanze. Akasema watasubiri kidogo hata hivyo.

Safi kabisa! Hayo ndiyo niliyoyataka. Jumamosi nitawasimulia: mtu mmoja, Jumapili mchana, dirishani. Mtaa mtupu. Mahali fulani kuna sahani safi imefunikwa kwa ajili yake, na watu wanaangalia mlango. Kitu kidogo tu, kama mwalimu anavyotaka. Mbwa nimewaondoa wote. Watalia, hata yule dereva.

Kwa hiyo nimevuta kiti mpaka dirishani na nimekaa hapa tangu asubuhi, peke yangu, nafanya mazoezi. Simu imelia tena, sikuipokea, ingenivuruga. Sipendi kujisifu, lakini ninafanya vizuri ajabu.